Ulinipa Nusu ya Maneno ya Daktari

Mpendwa Baba Tumaini,

Kamwene. Nakusalimu kwa sababu mama yangu kule Kilolo alinifundisha kumsalimu hata mtu niliyemkasirikia, na wewe nimekukasirikia tangu tulipokuzika. Watu wakiniona nalia hudhani ni huzuni tu.

Mwaka ule aliotawazwa Malkia wa Waingereza ulirudi kutoka hospitali ya misheni, ukakaa jikoni, ukasema, "Mama Tumaini, daktari anataka nipunguze ugali, ndizi na viazi. Nile nyama, mayai, maziwa na mboga." Nilifurahi. Sukari ilikuwa imekukondesha tangu ujana, na kila asubuhi nilichemsha ile sindano ya kioo ukajidunga insulini pajani. Nikaona na mimi sasa nimepata namna ya kukutibu. Nikakunyima ugali kwa mikono yangu mwenyewe!

Ulipochemsha mkojo na ile dawa ya buluu ya kupimia sukari, rangi haikugeuka tena kuwa nyekundu kama tofali. "Tazama, sukari imekwisha!" Ukanishika kiuno mbele ya mtoto. Furaha ile nikiikumbuka nasaga meno.

Jumapili ya mavuno ulikuwa unaongoza kwaya, mkono ukaanza kupotea mapigo ya wimbo. Jasho likakutiririka katika baridi ile ya Mbeya. Ukamtukana mzee wa kanisa, wewe ambaye hukuwahi kumtukana hata mbuzi, kisha ukaanguka mbele ya madhabahu. "Mwalimu kalewa," wakasema, wakakuburuta nje. Nilikunusa mdomo, pombe haikuwepo. Nilipiga kelele mpaka mke wa Mhindi mwenye duka la jirani akaja mbio na sukari guru. Baba yake aliugua ugonjwa huo huo.

"Upesi, mama! Mpake ndani ya shavu, kidogo kidogo."

Ukafumbua macho, ukauliza kwaya imefika ubeti gani.

Daktari alikasirika kuliko mimi. "Nilimwambia asianze kabla hajarudi kwangu! Akipunguza ugali, insulini nayo inapunguzwa siku hiyo hiyo. Chakula kimepungua, dawa ni ile ile, basi inamaliza sukari yote mwilini." Na ule mkojo wa buluu, akasema, hauonyeshi sukari imeshuka kiasi gani.

Nikakugeukia. Ulikuwa unatazama viatu vyako.

"Niliogopa," ukasema. "Nikipunguza dawa, si ugonjwa utarudi?"

Ungeniambia, Baba Tumaini! Ungeniambia maneno yote, tukaogopa wawili!

Daktari akapunguza dozi, akakuagiza urudi kila wiki apime na kurekebisha. Ulirudi, kweli. Ukanenepa kidogo, ukapata nguvu. Lakini alikuagiza pia utembee na kitu kitamu mfukoni na uwaambie watu unaokaa nao. Hilo ulilikataa. Wazee walikutenga na meza ya Bwana kwa ulevi, nami nikakusihi, "Niache niwaambie."

"Wakijua ni mgonjwa nitapoteza kazi," ulinijibu. "Mlevi hutubu, akasamehewa. Mgonjwa atatubu nini?"

Nikakutii, kwa kuwa wewe ulikuwa mume.

Halafu safari ile ya Iringa. Lori liliharibika Nyololo, nawe ulikuwa umejidunga asubuhi, chakula hukula. Ulianza kuyumba barabarani. Abiria walicheka. "Mlevi huyo, mwacheni alale." Walipokwenda kukuamsha ulikuwa umekwisha kuwa baridi. Dereva mwenyewe alikuja nyumbani kuniambia, akilia kama mtoto: "Mama, tungejua! Chai ya sukari ilikuwepo pale pale."

Ilikuwepo pale pale. Maneno hayo yananiamsha mpaka leo, na kila nikiamka nataka nikushike mabega nikutikise.

Wazee walisema mlevi hapigiwi kengele ya mazishi. Nikasimama kando ya jeneza lako nikawaambia yote: sindano, ugali, insulini, Nyololo. Yule mzee uliyemtukana alijifunika uso kwa kofia yake, kisha akaenda kuvuta kamba ya kengele kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyekuita mgonjwa kwa dharau. Jambo ulilolificha hata likakuua nililisema likaisha kabla udongo haujamwagwa.

Tumaini akiniuliza baba yake alikufa kwa nini, simwambii sukari. Namwambia alikufa kwa kuona haya.

Pumzika, mume wangu. Nakupenda, ila sijamaliza kukugombeza.

Mkeo,
Mama Tumaini