Ng'ombe wa Mkaa

Somanda, Bariadi. Jumanne, asubuhi ya mawingu, mvua bado.

Mjukuu wangu Nkwimba,

Mwangaluka. Sisi ni wazima, na mbuzi wako amezaa mapacha. Unauliza tunawaonaje vijana wanaochora kuta za mji. Nimeifungua shajara yangu ya miaka ile watu waliporuhusiwa kufanya biashara zao.

Nilikuwa nimefungua duka langu la kwanza, ukuta mweupe kwa chokaa. Asubuhi moja nikakuta umechorwa ng'ombe mkubwa kwa mkaa. Nilitaka mchoraji apatikane, nikawaita majirani na kuandika maoni ya kila mmoja.

"Miguu mifupi," alisema Mzee Masanja. "Huyu hafiki mnadani."

"Na kiwele hicho, mayu? Hata kikombe hakijai," aliniambia mama muuza maziwa.

Hakuna aliyeuonea huruma ukuta wangu.

"Tena pembe moja imepinda," Mzee Masanja akaongeza. "Aliyechora hajui ng'ombe."

Fundi baiskeli wa jirani akashindwa kuvumilia. "Imepinda hivyo hivyo! Ni ng'ombe wetu, namkamua kila siku!" Kisha akaziba mdomo kwa vidole vyeusi kwa mkaa.

Huyo ndiye babu yako. Kwa hiyo, kuhusu wachora kuta, mimi si mtu wa kuulizwa.

Shajara ya siku ile inaishia hivi: "Nimempa chokaa na brashi. Amepaka ukuta wote, amemruka ng'ombe. Sikumkumbusha. Sasa ni saa saba usiku, na usingizi haujaja."

Bibi yako