Deheni Kwenye Mhimili wa Gari la Pamba

Mume wangu Selemani, Baba Zuhura,

Salamu nyingi zikufikie popote ulipo, kama ungali unapumua. Zuhura hajambo, meno mawili ya mbele yameng'oka na maneno yameongezeka. Mimi sijambo pia, ila mikono yangu usingeitambua. Ina sugu kama yako, maana tangu askari wa Mdachi wakuchukue kuwabebea mizigo kwenda bara, tezo yako naishika mimi. Cheka ukitaka. Watu wa Kivinje walicheka mwaka mzima, kisha magari yao yakaharibika wakaacha kucheka.

Nakuandikia kwa ajili ya mhimili. Unaujua ni upi.

Ulikuwa fundi wa mashua, na mashua tu. Akida ndiye aliyekuja nyumbani akasema magari ya pamba kutoka Miteja yanakwama njiani, na kwake yeye fundi wa mbao ni fundi wa mbao. Ng'ombe hawakai njia ile kwa sababu ya mbung'o, kwa hiyo kila gari lilivutwa na wanaume wanane, na aliyetangulia kwenye gari la kwanza alikuwa mdogo wangu Athumani, shemeji yako. Nakuona bado ulivyolizunguka gari lile, mikono nyuma, uso umeukunja. "Chombo gani hiki kisichogusa maji?" ulisema. Athumani akacheka, akakuambia, "Shemeji, hiki nacho huzama, ila mchangani."

Ulijifunza upesi, nami nikajifunza kwako kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nakushikia uzi wa kupimia. Ulinifundisha kwamba mhimili, ule mti mmoja unaobeba magurudumu yote mawili, huliwa polepole bila mtu kuona. "Sikiliza kwanza, ndipo ushike," ulisema. Gari zima hulia sauti moja njia nzima. Ambalo mhimili wake umelika hugonga, linanyamaza, linagonga tena, kila gurudumu linapomaliza mzunguko. Ukiliinua juu ya magogo, ukalishika gurudumu juu na chini na kulitikisa, linacheza kama jino bovu. Tukatazama na alama zake mchangani: lililo zima huchora mstari, lililochoka hupindapinda. Kisha unatoa pini inayolizuia gurudumu lisichomoke, unavua gurudumu, unazungusha uzi mahali gurudumu linapokaa na tena mahali lisipofika, unalinganisha nyuzi mbili. Siku moja ulinikuta nimeuzungusha uzi ule kiunoni mwangu, tumbo la mimba ya Zuhura ndiyo kwanza linachomoza. Loh, ulicheka mpaka ukakaa chini. "Mhimili huu hauliki, unanenepa!"

Zilikuwa siku nzuri. Nazitaja kwa kuwa zilikuwepo, na kwa kuwa yanayofuata si mazuri.

Gari la Athumani likaanza kugonga. Nyuzi zilipishana nusu kidole. Ulikuwa na gogo jipya la mkongo lakini lilikuwa bichi, na akida alitaka pamba ifike kabla meli haijaondoka. Basi ukafanya ambalo fundi yeyote wa mashua wa pwani yetu angefanya akiona mwanya. Ukauziba kwa deheni. Mimi mwenyewe ndiye niliyeikoroga, shahamu na chokaa, kama tulivyozoea kupaka matumbo ya mashua. Gurudumu likakaa kimya kabisa. Wavutaji wakakuita fundi wa mafundi, nawe ukatembea kifua mbele siku mbili.

Deheni hukaa vizuri kwenye ubao uliotulia. Kwenye kitu kinachozunguka, shahamu iliyeyuka kwa joto ikachuruzika, chokaa ikabaki ndani, na chokaa kavu hula mti usiku na mchana kuliko msasa. Siku ya tatu, kwenye mteremko wa Singino, mhimili ulikatika pale pale gurudumu linapokaa. Gari likalala ubavu, marobota ya pamba yakaporomoka, na mguu wa Athumani ukawa chini yake.

Unakumbuka hali ilivyokuwa. Wamatumbi kule vilimani walikuwa wamekwisha anza kung'oa pamba, na habari za dawa ya maji zilinong'onwa kwenye kila kisima. Kwa akida kila kilichovunjika kilivunjwa makusudi. Akakuita sokoni, watu wote wanatazama, akakuuliza, "Fundi, mhimili ulikuwa mzima?"

"Ulikuwa mzima, bwana," ulisema. Ungeishia hapo ningeelewa. Lakini ukaongeza, "Labda pini haikugongwa vizuri, gurudumu likachomoka, ndipo mti ukakatika."

Na kugonga pini kila asubuhi ilikuwa kazi ya Athumani. Wakamlaza chini na mguu wake unavuja damu, wakampiga viboko hamsa wa ishirini, wewe umesimama na tezo mkononi.

Nyumbani ulikikwangua kwa ukucha kipande cha mhimili ulichokuja nacho, unga mweupe ukadondoka mkekani. "Ni mimi," ulisema. "Nitakwenda kusema." Mimi nilikuwa na mimba ya miezi saba, na nilijua Wadachi wanavyowafanya watu. Nikakushika kanzu nikakuambia unyamaze, watakunyonga, na mtoto atazaliwa hana baba. Kwa hiyo sijifichi nyuma yako, mume wangu. Ulisema uongo mara moja sokoni, mimi nikausimamia miaka. Tuliahidiana tutamwambia Athumani mambo yakitulia. Hayakutulia. Vita ikaja, wakakuchukua, njaa ikafuata, tukazika watu mpaka sanda zikatushinda.

Sasa nikueleze ya leo. Kuna mwenye duka mmoja hapa, Mhindi, ana magari matatu ya kuleta ufuta na sandarusi kutoka Miteja, na mimi ndiye ninayeyatengeneza. Situmii mti mbichi tena, hata mtu anililie. Mkongo naukausha kivulini mwaka mzima, nauchonga kwa tezo, namalizia kwa majani ya msasa. Mhimili ukiwa umelika upande wa chini tu, naugeuza, upande mzima ndio ubebe. Tundu la gurudumu likipanuka nalivika ngozi ya ng'ombe iliyolowekwa. Napaka mafuta ya nyonyo matupu, na mtu akipita na chokaa karibu na gari langu namtimua. Wananiona nina kichaa cha chokaa. Waache.

Mwezi huu yule mwenye duka alitafuta mnyapara wa wavutaji, nikamtajia Athumani. Anachechemea, lakini hakuna anayeijua njia ile kama yeye. Athumani akakataa. Nikamshikilia, ananijua nikishikilia jambo. Mwisho akasema, "Dada, mimi nilisahau pini. Wenzangu saba wangekufa kwa ajili yangu. Sishiki gari la watu."

Baba Zuhura, miaka yote hii amekuwa akiirudia asubuhi ile kichwani. Ameniambia kuna siku anakumbuka aligonga mara tatu, na kuna siku anakumbuka hakuishika nyundo kabisa. Hakuoa. Nilidhani ni njaa na umaskini, kumbe anajiona mtu asiyefaa kukabidhiwa kitu, sembuse mke. Tulimchukulia akili yake mwenyewe, mimi na wewe.

Nikamwambia. Nilikuwa nimekaa juu ya gogo, mikono imejaa mafuta ya nyonyo, nikamwambia yote: deheni niliyoikoroga mimi, ukaipaka wewe, jibu lako kwa akida, na jinsi nilivyokuvuta kanzu. Hakunipigia kelele. Aliomba maji, akanywa, akakaa anaitazama kata aliyonywea.

"Kwa hiyo niligonga?" aliniuliza.

"Uligonga, Athumani. Pini ilikuwa imara."

Akalia, mwanaume mzima, kwa sauti, na mimi nikalia. Nilitaka kumshika, akaniondoa mkono.

Hajanisamehe. Anakuja kula kwangu, anakula kimya, anamchezea Zuhura, anaondoka. Ila kazi ameichukua, na juzi nilimwona akigonga pini ya gari la Mhindi huku anahesabu kwa sauti, wenzake wanamngoja. Wewe sijui atakufanyia nini. Mimi nakutamani urudi, nakwambia bila haya, kitanda ni kikubwa na Zuhura ananiuliza baba yake alikuwa anachekaje. Na bado nina hasira na wewe. Yote mawili ninayo, sina la kuyafanya.

Nilipomaliza kuandika mpaka hapa nilimwonyesha Athumani karatasi, nikawa nataka kuikunja na kuifunga kwa nta, nimpe msafiri wa Liwale akutafute. Akaweka kiganja juu yake.

"Usiifunge," alisema. "Mimi nilichapwa mbele ya watu."

Basi imetoka wazi. Nimeinakili mara tatu, moja inakwenda Liwale, moja Lindi, moja inabaki hapa. Kila ajuaye kusoma aisome kwa sauti barazani, alitaje jina lako, huenda ukawa umekaa miongoni mwao. Ukiisikia, rudi, na ukirudi pita kwa Athumani kwanza, ndipo uje kwangu. Hii ya hapa nitaisoma mwenyewe sokoni Ijumaa watu wakitoka msikitini, nimesimama pale uliposimama wewe.

Mkeo, dada yake Athumani,
Mama Zuhura