Sababu ya Marlys Kuacha Ukocha

S.L.P. 14,
Harlan Creek, Nebraska.
9 Juni, 2019

Mpendwa kaka Wendell,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwetu. Mgongo unaendeleaje? Mkeo Bonnie alinipigia simu wiki ya Pasaka akaniambia umeteleza tena kwenye barafu, na miguuni ulikuwa na ndala. Mzee mzima wa miaka sitini na sita! Hebu nunua viatu, kaka, tusije tukakuzika kwa upuuzi.

Mimi sijambo. Kidonda cha upasuaji wa Machi kimefunga, na nimesharudia nyama ya kukaanga niliyokatazwa na daktari. Mume wangu Delmar naye mzima, ila analalamika kutwa. Mvua haijamwachia nafasi, nusu ya shamba bado haijapandwa mahindi.

Ujumbe wako kuhusu mdogo wetu Marlys nimeupata. Umeiona ile video, umecheka mpaka kahawa ikakupalia. Ukaandika kwamba kocha aliyefundisha miaka ishirini na minne hajui sheria anayoijua mtoto wa darasa la tatu. Sikukujibu siku ile kwa sababu ningekutukana. Sasa hasira zimepoa kidogo, kaa chini nikueleze. Na umsomee Bonnie, maana yeye softiboli, mchezo huu wetu wa kupiga mpira kwa gongo na kukimbia vituo, haijui.

Unakumbuka Marlys alivyoanza. Chuo kilimpa uwanja uliojaa magugu na wasichana kumi na mmoja, wawili hawajawahi kushika gongo. Msimu wa kwanza walishinda mechi nne, wakafungwa thelathini na moja. Baba akamwambia aache mchezo, akafundishe hesabu. Hakuacha. Majani alikata mwenyewe, gari la timu aliendesha mwenyewe, na kila Jumamosi alikuwa getini anakaanga soseji ili timu ipate magongo mapya. Mimi alinikabidhi daftari la kuandikia matokeo, akasema ni kwa msimu mmoja tu. Mpaka leo ninalo! Ubingwa wa kanda ameuchukua mara tatu, na ukuta wa sebuleni kwake umejaa picha za harusi za wasichana aliowafundisha.

Mwaka jana chuo kilileta mkuu mpya wa michezo, bwana mmoja anaitwa Pruett, kijana wa tai nyembamba. Februari alimwita Marlys ofisini akamwambia timu ifike fainali ya kanda, la sivyo mkataba wake hautaongezwa. Aliniambia mimi peke yangu. Nikamwambia awaeleze wasichana, wajue wanachopigania. Akanikatalia katakata.

"Hawa ni watoto, Lavonne. Wana mitihani yao. Huu wangu niache niubebe mwenyewe."

Basi tukafika nusu fainali. Tulikuwa sare, nne kwa nne, zamu yetu ya mwisho ya kupiga, na akitolewa mchezaji wetu mmoja tu zamu inaisha. Tressa Havlik alikuwa kituo cha kwanza. Huyu Tressa ni binti wa mwaka wa nne, goti lake la kulia lilifanyiwa upasuaji mwaka juzi, na Marlys ndiye aliyekuwa akimpeleka mazoezi ya viungo kila Alhamisi. Mwenzake akapiga mpira mpaka ukutani. Tressa akachomoka mbio, akapita cha pili, akafika cha tatu ambapo Marlys husimama kuwaelekeza wakimbiaji. Pale pale akaanguka.

Ulichokiona kwenye video ndicho nilichokiona mimi. Marlys akamshika kwapani akamwinua. Tressa akakimbia mpaka nyumbani, yaani kituo cha mwisho kinacholeta pointi, uwanja mzima ukalipuka kwa shangwe, hata mimi nikatupa kalamu. Kisha nikamwona mwamuzi amenyanyua ngumi. Bonnie, sheria ni kwamba kocha hamgusi mkimbiaji kumsaidia. Akimgusa, mkimbiaji anatolewa, na pointi haipo. Tukaongezewa zamu, tukafungwa tano kwa nne.

Asubuhi yake nilimkuta Marlys jikoni kwake anaosha chupa za maji za timu. Sikuweza kunyamaza.

"Wewe, sheria ulisahau?"

"Sikusahau. Nilisikia amelia kidogo tu. Mikono ikatangulia."

"Na kazi yako je?"

"Lavonne, nipe hiyo taulo."

Jumanne Pruett akamwita tena, na safari hii hata kiti hakumpa, akamwambia mkataba umeishia hapo. Gazeti likaandika kwamba amestaafu kwa hiari. Nilitaka kwenda kumwambia yule kijana maneno yangu matatu, Delmar akaficha funguo za gari. Nililia kwa uchungu, sikufichi. Marlys hakulia mbele yangu. Alikwenda uwanjani, akasawazisha udongo, akafunga banda la vifaa, akarudisha funguo.

Wiki iliyopita Tressa alikuja na mama yake, wameleta pai ya cheri. Nilikuwepo. Hata dakika mbili hazijapita, binti akauliza.

"Kocha, niambie ukweli. Umeacha kazi kwa ajili yangu?"

Marlys akacheka. "Jamani, huyu anajiona mkubwa! Ni magoti, mwanangu. Unadhani magoti mabovu unayo peke yako? Kata hiyo pai."

Wendell, unamjua dada yako. Huyu ndiye aliyemwambia mchungaji mbele ya watu kwamba mahubiri yake ni marefu. Sijawahi kumsikia akidanganya, mpaka siku ile. Nikachukua kisu, nikaikata pai.

Msalimie sana Bonnie, na Kirsten, na mapacha wake. Delmar anakusalimu, anasema bado unayo drili yake ya kutobolea mbao.

Sasa neno lililonifanya nishike kalamu. Tressa amepata kazi ya ualimu hapo kwenu Anchorage, na atakuwa msaidizi wa kocha shuleni. Anafika Agosti. Hana mtu huko, kwa hiyo Marlys amempa anwani yako. Mpe chakula, mwonyeshe mahali pa kununua koti zito. Na atakuuliza kwa nini Marlys aliacha, maana anauliza kila mtu. Mdomo wako hauna breki, kaka, ndiyo maana nakuandikia mapema. Mimi mwenyewe nilimwambia Marlys kwamba binti ana haki ya kujua kwamba kocha wake alipoteza kazi kwa kumwinua. Alinijibu hivi, nakuandikia kama alivyosema:

"Mwakani ndiye atakayesimama kituo cha tatu. Sitaki msichana wake aanguke, halafu yeye aanze kupiga hesabu kabla ya kumwinua."

Kwa hiyo ni magoti, Wendell. Umesikia? Ni magoti.

Mungu akutunze wewe na nyumba yako, na mgongo huo pia.

Dada yako akupendaye, hata unapomkera,
Lavonne