Namba ya Mfano

Maluki, uko? Usinipigie, soma tu.

Unamkumbuka Ndanu wa hapa Kiganjo, yule aliandikia kliniki programu ya kukumbusha akina mama chanjo za watoto? Leo asubuhi mama mmoja amebadilisha namba ya simu, database ya kliniki, pale namba zote zimehifadhiwa, ikakataa kuibadilisha. Ndanu akauliza kwa grupu yetu ya madeveloper. Akajibiwa saa hiyo hiyo, code nzima, na namba ya mfano ndani. "Weka hivi, itakubali."

Ndanu akaibandika vile ilivyo, na namba ya mfano. Ikakubali.

Ikakubali kwa wote, Maluki! Hiyo code haikusema ni mama gani abadilishiwe. Akina mama mia nne, wote sasa wana namba moja. Ile ya mfano!

Ndanu akadhani ni macho yanamdanganya. Akafungua rekodi ya Mutheu, namba ni hiyo. Akafungua ya Saida, ni hiyo. Na backup ya mwisho, nakala ya akiba, ni ya Januari. Nesi amemsimamia hapo nyuma, "Kwani kuna shida?" Ndanu akamjibu: "Hakuna shida, daktari." Daktari! Kwa nesi!

Yote hayo amenieleza kwa voice note. Mwisho akaniuliza, bila hasira hata: "Kwani hiyo namba uliweka ni ya nani?"

Shida ni, hiyo code niliandika mimi. Nikiwa Kamakis kwa wachoma nyama, mkono mmoja uko kwa sahani. Nikaona uvivu kubuni namba, nikaweka laini yangu ya pili.

Hiyo laini imelia sasa hivi, ukumbusho wa kliniki: "Mama Rayan, mlete mtoto kesho saa mbili."

Hiyo ni meseji ya thelathini na moja. Na bado sijamjibu Ndanu.