Supu Yenye Miguu

Jerusalem, Alhamisi

Dada yangu Henya,

Sisi ni wazima, na kitambi changu ndicho kizima kuliko sote.

Jumanne moja mwezi uliopita mke wangu Tzirel alipika supu ya koliflawa. Kijiko cha tatu nikaona punje ya pilipili manga, na pilipili ile ilikuwa na miguu. Nikakoroga: wengine wanne, wamevimba kama wali. Nawe wajua, mdudu kwetu Wayahudi ni haramu kuliko nguruwe. Tena katoka kwa Tzirel, ambaye jengo zima humletea mboga awakagulie!

"Nimeshiba," nikasema.

"Wewe? Basi Masihi kafika!"

Niliimwaga chooni, nikaitapikia. Niliporudi, hakuwa akicheka tena.

"Zelig, walikuwa wangapi?"

"Watano."

"Sikuona hata mmoja, mume wangu. Macho yananiacha tangu sikukuu ya Hanuka."

Siku hizi majirani wakileta mboga, yeye huzipokea mlangoni, mimi nazikagua jikoni, jani kwa jani.

"Angalia na mikunjoni, mvivu wewe!" ananong'ona. Kisha huzirudisha mwenyewe, nao wanamshukuru.

Usimwambie mtu.

Nduguyo mla kidogo siku hizi,
Zelig