Masale ya Mama Anaeli

Sakina, Arusha

Mama yangu,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine hii ni ya mkweo Saidi, ameituma kwa sauti kutoka juu ya paa. Anafanya nini juu ya paa sijamuuliza, maana nikiuliza nitaambiwa nishike ngazi. Mguu wako umepoa? Mikorosho imebeba, au wadudu wamekuwahi? Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu. Tumbo limekua hadi nikisimama vidole vya miguu sivioni. Baridi imepungua kwa maneno ya wenyeji, lakini mimi bado nalala na sweta, soksi na kanga mbili, na nikifungua dirisha asubuhi nikauona Mlima Meru umetoa kichwa mawinguni, nafunga tena.

Najua unajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Mama, kwenye simu hunipi nafasi. Nikisema neno moja unajibu kumi, halafu unakata eti unanionea huruma na salio. Safari hii utanisikiliza mpaka mwisho. Na wewe Mwanaidi, mdogo wangu unayemsomea, soma yote, usiruke mahali, na usicheke kabla mama hajacheka.

Nyumba yetu inaendelea. Tulihamia ikiwa na paa, sakafu ya zege na milango miwili, kama wanavyofanya watu wote, tukasema tutamalizia tukiwa ndani. Mimi nilifikiri kumalizia maana yake ni kuita mafundi. Loh! Saidi, kwa kuwa ni fundi magari, hataki kusikia fundi mwingine yeyote kwenye nyumba yake. Ananiambia, "Mke wangu, injini ya lori naishusha na kuipandisha, sinki linishinde?" Basi sinki la jikoni limefungwa kwa mpira wa rejeta. Pazia la sebuleni linaning'inia kwenye bomba la ekzosi. Rafu ya vyombo ni mlango wa nyuma wa pikapu, bado una maandishi ya "Mungu Atatenda". Mlango wa chumbani ameutia grisi nyingi hata haukai; ukipumua kwa nguvu unafunguka.

Na kengele ya mlangoni, mama, ni honi ya lori. Mgeni akibonyeza, kuku wa mtaa mzima wanaruka. Juzi mwinjilisti alikuja kututembelea kwa wema tu, akabonyeza, akakimbia. Hajarudi.

Lakini hayo nimeyazoea. Nililotaka kukueleza ni la masale.

Unamkumbuka Mama Anaeli niliyekutajia, yule mjane wa Kimeru tunayepakana naye. Tangu tuhamie hapa ndiye mama yangu wa huku. Kila asubuhi alikuwa anapita kwenye upenyo kati ya kiwanja chake na chetu, ana kikombe cha maziwa mkononi, ananiita, "Zuhura! Umeamkaje na huyo mtu wako?" Mtu wangu maana yake tumbo. Uliponiambia huwezi kuja kuniuguza uzazi kwa sababu ya korosho na mguu, nililia siku nzima, na yeye ndiye aliyeninyamazisha. Akasema, "Nyamaza wewe. Utajifungua, utaingia ndani, mimi nitakupikia mtori wa ndizi na nyama, nitakukanda, mtoto nitamwogesha. Mama yako avune korosho zake." Nikashusha pumzi. Maana fikiria mama, nibaki arobaini nzima na Saidi peke yake! Angenipima oili.

Sasa Saidi akaingiwa na wazo la ukuta. Hapa Sakina kila mwenye nyumba ana ukuta na geti, na yeye aliona kukaa bila ukuta ni kama kuvaa suti pekupeku. Mpakani mwetu na Mama Anaeli palikuwa na majani marefu ya kijani, yenye mashina kama miwa myembamba, yamesimama kwa mstari. Mimi nilikuwa nimewahi kulalamika kwamba yanaweza kuficha nyoka. Ah, mdomo wangu huu! Saidi akaamua kunifurahisha. Alifunga mnyororo wa kuvutia magari mabovu, akauunganisha kwenye pikapu ya gereji, akayang'oa yote, shina kwa shina, anapiga mluzi. Hakujiuliza hata kidogo, magugu gani yanaota kwa mstari? Akayatupa korongoni, na mvua ya vuli ikayabeba jioni ileile.

Mama Anaeli alikuwa amesimama kwenye kibaraza chake. Hakupiga kelele wala hakutukana. Alitazama mpaka shina la mwisho likatoka, akaingia ndani, akafunga dirisha.

Kesho yake maziwa hayakuja. Kesho kutwa hayakuja. Nikimwamkia ananiitikia "marahaba" ya kanisani, halafu basi. Mtu wangu hakuulizwa ameamkaje. Nikamwambia Saidi, "Mwanaume, kuna kitu umeharibu." Akasema wanawake tunapenda kununiana, itapita.

Aliyetufumbua macho ni Lomayani, rafiki yake wa gereji, Mwarusha wa hapahapa. Alikuja kuona msingi wa ukuta, akashika kiuno. "Kaka, yale masale yako wapi?"

"Masale gani?"

"Aisee Saidi! Yale si majani! Kwa Wameru na Wachaga sale ndio mpaka. Ukiling'oa ni kama umeingia shambani kwa mtu na panga. Tena ndilo la msamaha. Umemkosea mtu, unachuma jani la sale, unampelekea kwa mikono miwili. Akilipokea, yamekwisha. Kulikataa ni vigumu sana."

Saidi akachangamka. "Sasa si rahisi hiyo? Tukachume jani."

"Mkachume wapi?" Lomayani akamuuliza. "Si umeyang'oa yote?"

Mwanaidi, nimesema usicheke.

Tulihangaika. Wenye masale wapo, lakini ukimwendea mtu usiyemjua ukamwambia nipe jani la mpakani kwako, anakutazama kama umemwomba jino. Mmoja alituuliza tumemuua nani. Mwisho Saidi akaniambia nisijali, kapata ufumbuzi. Akarudi kutoka kwenye zile bustani za miche za barabarani na chungu chenye jani pana la kijani, lina mchirizi wa njano katikati, limefungwa utepe mwekundu. Akavaa shati la Idd, akaenda kwa Mama Anaeli peke yake. Alirudi anatabasamu hadi masikioni. "Kapokea! Kasema, asante kwa ua, liweke pale karibu na mlango."

Mimi neno hilo "ua" likanikwama. Nikamwita Lomayani aje achungulie kwa mbali. Akachungulia, akakaa chini kwenye tofali, akashika kichwa. "Shemeji," akasema, "hilo ni ua la benki. Lile la pale wanapokaa wanaosubiri kuitwa."

Hapo nilikasirika, mama. Niliwakasirikia wote, hata ukuta. Usiku sikupata usingizi kwa mgongo na kwa hofu. Nilijiona nimejifungua, Saidi kasimama kando ya kitanda na spana, na ng'ambo ya pili dirisha limefungwa. Sikutaka kuja kuzaa mtoto wangu katikati ya kununiana. Asubuhi nikajifunga kanga, nikamwambia Saidi, "Twende. Bila chungu."

Tulimkuta anachambua maharage. Nikamwambia, "Shikamoo mama. Tumekuja kuomba msamaha. Hatukujua. Tumeambiwa mtu huja na jani la sale, na sisi jani hatuna kwa sababu tulikwisha kuling'oa. Kwa hiyo tumekuja kukuomba na jani lenyewe."

Akaacha maharage. "Mnataka niwape jani ili mniletee mimi?"

"Ndiyo mama."

"Ee Yesu wangu." Akatutazama, akanitazama tumbo, akamtazama Saidi. Midomo ikaanza kumcheza lakini akaibana. "Tangu nizaliwe sijaona. Njooni."

Alituzungusha nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Pale lipo kaburi la marehemu mumewe, limesakafiwa vizuri, na kila pembe kuna shina la sale. Akapangusa majani ya mgomba yaliyoliangukia. Kisha akasema, "Yale uliyoyavuta kwa gari aliyapanda yeye. Alikuwa anaumwa tayari. Alisema, Mama Anaeli, nitakufa, na wewe unapenda maneno. Nakupandia mpaka ili usigombane na mtu mimi nikiwa sipo." Akajifuta jicho kwa pembe ya kitenge. "Na kweli, sikugombana na mtu. Mpaka huyu na pikapu."

Mama, Saidi unayemjua, anayebishana hata na mvua, machozi yalimtoka. Akasema, "Mama, nisamehe, mimi ni mjinga."

"Usiniombe hapa, hapa ni kwa marehemu mwenyewe," Mama Anaeli akasema. Akakata jani moja, akamkabidhi. "Haya shika. Sasa toka mpaka nje ya geti, uje upya, kama mtu mwenye adabu."

Saidi akatoka. Mama Anaeli akarudi kukaa kwenye kigoda chake, akaendelea na maharage kana kwamba hamsubiri mtu. Nikasikia, "Hodi!"

"Nani huyo?"

"Saidi."

"Saidi gani?"

"Wa hapa jirani."

"Yule wa honi?"

Kisha kwa sauti ndogo, "Ndiyo mama."

"Pita."

Akaingia, akapiga magoti kwenye vumbi na shati lake la Idd, akatoa jani kwa mikono miwili, kucha nyeusi kwa grisi. Mama Anaeli akamwacha palepale, akachambua kwanza kiganja kizima cha maharage. Nilikuwa nasali moyoni, ya Rabi, asikatae. Halafu akapokea. Akalifunga fundo, akalichomeka juu ya mlango, akasema, "Yamekwisha. Simama, utaumiza magoti, nani atapanda masale mengine?"

Tukacheka wote watatu, mimi nikicheka huku nimeshika tumbo. Akanivuta mkono, "Wewe njoo ndani, usisimame sana." Nikaingia jikoni kwake, mama, nikakuta vitu. Chupa za samli zimepangwa dirishani. Beseni jipya la kumwogeshea mtoto, limefunikwa kitambaa. Nguo za kitoto za sufu, alizifuma mwenyewe. Mkungu wa ndizi za mtori umening'inizwa, na kule nje, mbuzi wa kumchinjia mzazi amefungwa peke yake, amenona hata kutembea anaona uvivu. Nikamuuliza, "Mama, hivi umeviandaa lini?"

"Siku zote hizi."

"Na ulikuwa umetununia?"

"Nimemnunia mumeo," akasema. "Tumbo lilimkosea nani?"

Basi hapo nililia kama mtoto. Nilikuwa nimejiona yatima katika mji wa watu, kumbe mtu alikuwa ananinunia huku anafuma. Akaniacha nilie, akanipa maziwa.

Ukuta tumeuacha. Sasa hivi Saidi kapanda masale upya, kwa vipandikizi vya kaburini, kila shina kalipima na timazi, na Mama Anaeli yuko nyuma yake anamwambia songa huku, songa kule, marehemu hakupanda pale. Pametengwa upenyo katikati. Alinisimamisha pale, akapima kwa tumbo langu, akasema usipungue hapo.

Nisalimie bibi mzaa baba, mwambie kikohozi cha Arusha hakijanipata. Mjomba Rashidi fundi baiskeli asalimiwe, ila asimshauri Saidi kitu chochote kwenye simu, nakuomba. Shangazi Somoe aliyenicheza unyago mwambie namkumbuka kila mgongo unapouma. Shemeji muuza samaki naye, na watoto wake. Mwanaidi, asante kwa kusoma, najua umecheka.

Limebaki moja, mama, na ndilo linaloniumiza. Jana Mama Anaeli alikaa kitandani kwangu, akaniambia, "Mtori wetu nitakupa, na samli nitakupa. Lakini wewe una kwenu. Mama yako alipokuzaa wewe, alipewa nini cha kwanza kula, na nani alimpa? Niambie nikitafute hapa mjini, nacho kiwepo." Mama, nikamwambia nitakuandikia nikuulize. Miaka yote hii sikuwahi kukuuliza. Nieleze, tafadhali, polepole, kwa mdomo wako, Mwanaidi aandike. Anataka kuanza kukitafuta, na mimi nataka kukila.

Ni mimi mwanao wa Sakina,

Zuhura