Shikamoo kwa Mdaiwa

Jumanne, Machi 2004

Na ningemwamkia tena! Bi Zuhura ni rika la mama yangu. Aliingia studio ya kipindi chetu cha mahakama ya runinga kama mdaiwa, nami kwenye kiti cha jaji, na joho langu, nikamwambia, "Shikamoo."

Prodyuza akasimamisha kamera kabla bibi hajaitikia. Eti watazamaji wa London watasema jaji anapendelea Waswahili wenzake. Niliingiwa na hofu, maana niliacha uwakili kwa ajili ya kipindi hiki, na kikifungwa...

Tukaendelea. Ushahidi ukamwelemea bibi wa watu. Nikahukumu, kwa Kiingereza kisha kwa Kiswahili, amrudishie jirani yake aliyemshtaki cherehani aliyoiazima.

Bibi akainuka. Halafu, mbele ya kamera zote: "Marahaba, mwanangu. Kesho nampelekea."

Sasa prodyuza hataki likatwe hata neno moja. Nani atasema nilimpendelea?